Faidha na Chinganga Kisicho na Ngozi

Watu wa Mnyambe wakimtaja mjukuu wangu Faidha hupunguza sauti, kama wanapita karibu na nyumba yenye mgonjwa. Wengine wanasema amemfungia babu yake ndani ya kompyuta. Wengine wanasema ameokoa watu kwa mbuzi asiyekuwepo. Mimi ndiye niliyemlea, na siku ile ya ukungu nilikuwa naye pale ukingoni tangu mwanzo hadi mwisho. Anayetaka kujua habari za Faidha aje kwangu, asiwaulize wauza maandazi.

Kwanza ijulikane kwamba mimi Mwanaheri si mwoga. Nilikuwa msichana wa shule wakati mizinga ya Wareno ikinguruma ng'ambo ya Ruvuma, ubao ukitikisika ukutani na mwalimu akiendelea na hesabu, nasi tukiendelea. Nimeishi miaka ya simba, tulipokuwa hatutoki nje jua likizama. Nimemzika mume wangu Fikirini, nikamzika na mwanangu Husseni, baba yake Faidha. Yote hayo niliyatazama usoni. Lakini hofu niliyopewa na mtoto huyu kwa mstari mmoja wa maandishi, hiyo sikuwahi kukutana nayo.

Faidha alizaliwa nyumba hii ninamoandikia, mwaka tuliopiga bati. Mvua zilipoanza akawa analala chali sakafuni anasikiliza. "Bibi, tone la pale kona lina sauti nyembamba, la mlangoni lina sauti nene." Akajifunza kutega sufuria chini ya matundu, akizisogeza huku na huku mpaka mvua ipige anavyotaka yeye. Mimi nilimfokea kwa sababu ya sufuria zangu. Babu yake alicheka tu. "Mwache," alisema, "masikio hayo ameyatoa kwangu."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Fikirini alikuwa mpiga chinganga, ile ngoma ndogo ya Kimakonde yenye mguu mkali unaochomekwa ardhini, ipigwayo kwa vijiti viwili vyembamba. Sauti yake ni kali, inakwenda mbali. Na huku kwetu juu ilikuwa na kazi zaidi ya kuchezesha watu. Zamani maji yalikuwa bondeni, na wanawake tulikuwa tukishuka mlima mzima kuyafuata. Miezi ya baridi ukungu hupanda kutoka upande wa Ruvuma, ukakukuta katikati ya mlima una ndoo kichwani, na hapo pembeni pana makorongo ambayo mtu akitumbukia hata sauti yake haipandi. Basi Fikirini alikuwa akichomeka chinganga chake ukingoni juu, anapiga. Ti-ti-ndi, ti-ti-ndi, ndi. Kisha ananyamaza. Kimya kile kilikuwa sehemu ya ngoma. Alikuwa anasubiri umjibu. Unapiga yowe, naye akishakusikia anapiga tena, unapanda kuelekea sauti. Mimi nimepanda hivyo, Husseni akiwa mgongoni, macho hayaoni hata vidole vya miguu yangu.

Mabomba yalipokuja, chinganga kilipumzika juu ya mafiga kwenye moshi. Na Fikirini alipofariki tulifanya kama tunavyofanya kwetu. Mpiga ngoma akifa, ngozi ya ngoma yake huchanwa kabla maiti haijatoka nyumbani, ili mkono wake usije ukaitafuta. Niliichana mimi, mbele ya watu wote. Aliyenishikia ule mguu wa ngoma nikichana alikuwa Shamsia, mke wa mjukuu wangu Khalidi, wakati huo bado bibi harusi mpya. Alikuwa akitetemeka. Nikamwambia, "Shika vizuri mwanangu, hakiumi." Tafadhali, hilo la Shamsia kukishika liwekeni akilini.

Faidha alimaliza kidato cha nne, akaenda Masasi kwenye duka moja la kuchapa na kutoa kopi, jirani na stendi ya mabasi. Huko ndiko alikojifunzia kompyuta, kwanza kwa kuzitengeneza zilizokufa, halafu kwa kuziandikia maagizo. Ile lugha yake ya kuiandikia kompyuta aliipata mtandaoni, kwa watu wa mbali wanaofundishana. Wenzake pale dukani walimwambia anapoteza muda. Mume hakupata, au hakutaka, sijui. Shangazi zake wakisema mume wake ni kompyuta, yeye anawajibu kwamba angalau huyu hali ugali.

Ilikuwa mwezi wa tano mwaka huu. Alikuja kunitazama, tukakaa barazani alasiri, mimi napepeta njugu mawe, yeye na kompyuta yake mapajani.

"Bibi, babu alikuwa anapigaje ile ngoma ya kuita watu wa mlimani?"

"Ya nini?"

"Niambie tu, mke mwenzangu."

Akishaniita mke mwenzangu amenipata. Nikapiga kwa vidole ubavuni mwa ungo.

"Pole pole. Hili pigo hapa mbona linachelewa?"

"Ndiyo mkono wa kushoto huo. Uliungua akiwa mtoto, vidole viwili vikashikana. Pigo la kushoto siku zote lilifika likichechemea."

Akaandika. Nikachungulia. Nimesoma mimi, najua herufi zetu na za madrasa pia, lakini zile hazikuwa za popote. Kiduara chenye mkia. Pembetatu iliyolala. Mshale. Vijinamba. Mstari wote ulikuwa mfupi kuliko jina langu. Nikarudi nyuma, kwa sababu maandishi ya namna hiyo nimeyaona kwenye hirizi, na hirizi iliyoandikwa na mtu mzuri sijaiona.

"Usiogope," akasema. "Sauti ni hewa inayosukumwa na kurudi, kusukumwa na kurudi. Kila msukumo naupa namba. Namba kubwa, spika inasukuma sana. Namba ndogo, kidogo. Sifuri, imetulia. Ngoma nzima ya babu ni safu moja ndefu ya namba. Sasa kwa lugha nyingine unaiambia kompyuta namba moja moja, kama mtu anayechambua njugu kwa vidole. Lugha hii inashika safu nzima mara moja. Kama wewe na ungo. Hurushi njugu moja, unarusha zote."

"Na nani anapiga?"

"Hakuna anayepiga."

Akagusa kitufe.

Ti-ti-ndi. Ti-ti-ndi. Ndi.

Haikuwa kama ngoma ya redioni. Ilikuwa ngozi kavu iliyoota moto, na pigo la kushoto likaja likichechemea, kama alivyokuwa akipiga yeye, pale pale barazani alipokuwa akikaa. Ungo ulinitoka mikononi. Sikumbuki kusimama. Nilijikuta nyuma ya nyumba, miguu mitupu, nimesimama mbele ya kaburi la mume wangu, natazama kama udongo umefunguka. Ulikuwa vile vile, na kuku wawili wanaparua.

Faidha alinifuata na kompyuta mikononi. "Bibi, ni namba tu! Wallahi ni namba tu!"

"Namba hazina mkono wa kushoto!"

"Tazama, nitakuonyesha. Nikiweka alama hii moja safu nzima inageuka, mwisho unakuwa mwanzo. Kitu cha mtu kinaweza kugeuzwa hivyo?"

Alidhani ananitoa hofu. Kikalia kinyume. Kwanza uvumi mdogo, kutoka pasipo na kitu, ukakua, ukakua, halafu pigo, na baada ya pigo kimya kama mlango uliofungwa. Ilikuwa kama mkono unaorudi kuokota mapigo yake moja moja, kwenda nayo.

Nilikaa chini palepale. Nikamwambia, "Katika mji huu kitu hicho kisilie tena. Kifute."

"Nimesikia, Bibi."

Kusikia amesikia. Kukifuta hakukifuta, na mimi nilijua. Wala sikumwambia mtu yeyote niliyoyasikia, hata Shamsia, ambaye anaishi nyumba ya pili. Nilimwonea huruma, ana mimba.

Huyo Shamsia naye alikuwa na yake na wifi yake. Siku zile zile Faidha alikuwa akihangaika kutengeneza sauti ya zumari kwa ajili ya harusi moja Chiwata. Shamsia akaingia, ameshika kiuno, akasikiliza.

"Wifi, hiki ni nini?"

"Zumari."

"Zumari! Wifi, huyu ni mbuzi. Tena mbuzi ana kwikwi. Amemeza kengele maskini."

Alicheka mpaka tukamshika asianguke. Na kweli, ukishaambiwa, husikii tena kitu kingine: mee-hik, mee-hik. Faidha alinuna siku nzima. Tangu hapo kila Shamsia akipita mlangoni anauliza kwa sauti, "Wifi, mbuzi wako hajambo? Kashalishwa?" Na Faidha anamjibu, "Anakusalimia, anasema umenenepa."

Ndivyo walivyokuwa.

Mwezi wa saba bomba lilikauka, mashine huko chini imeharibika, tukarudi kwenye njia ya mama zetu. Vijana wa kike waliokulia bombani wakawa wanashuka bondeni na madumu yao huku wanalalamika. Shamsia nilimkataza. Mimba yake ilikuwa imeshuka, na Khalidi yuko Masasi kwenye kazi ya ghala.

"Sibebi maji, Bibi," akaniambia. "Nafuata udongo tu pale katikati ya mlima. Mate yananitoka."

"Si upo udongo dukani?"

"Wa dukani una ladha ya chaki."

Mwanamke mwenye mimba akitaka udongo hata mimi simzuii. Nilitaka hivyo hivyo nikiwa na mimba ya Husseni, na ni udongo ule ule, mweupe, laini, unaochimbwa kwenye kingo za korongo. Akaenda na wenzake asubuhi jua likiwaka.

Ukungu ulipanda mchana. Si wa asubuhi tuliouzoea. Huu ulipanda ukiwa mzito, ukala mikorosho kuanzia ile ya chini, mmoja mmoja, mpaka ukafika uani kwangu, nikawa sioni choo. Wanawake wakaanza kufika mmoja mmoja, wamelowa nyusi. Wa mwisho alikuwa Salome, jirani yetu. Akatua ndoo yake.

"Mama Husseni, shikamoo. Shamsia yuko ndani?"

"Marahaba. Shamsia si mko naye?"

Akanitazama. Akageuka kutazama njia aliyotoka.

"Alisema tutangulie. Alisema anachimba kidogo atatukuta njiani. Mimi nikadhani amenipita kwenye ukungu."

Wanaume walishuka na kamba, wakiita jina lake. Sisi tulibaki ukingoni tukisikiliza, na hapo ndipo hofu iliponiingia kwenye mifupa. Ukungu unageuza sauti. Mtu anaita kushoto, unamsikia kulia. "Shamsiaaa!" ikawa inatoka chini, inatoka nyuma yetu, inatoka juu ya vichwa vyetu, na huwezi kujua ni ya mwanamume yupi. Mwishowe wanaume wenyewe walirudi wakishikana mikono. Mmoja alikuwa ameteleza, amechunika mguu mzima. Wakasema huko chini hata wao kwa wao wanapotezana, tusubiri ukungu uinuke.

Kusubiri! Mwanamke ana mimba kubwa, amesimama kwenye mdomo wa korongo, na akipiga hatua moja kufuata sauti ya uongo amekwisha, yeye na aliyemo.

Faidha alikuwa amefika asubuhi hiyo hiyo, ameletwa na pikipiki ya Oscar, kijana wa Chiwata anayefanya matangazo. Mnamjua, yule aliyefunga spika mbili za tarumbeta na betri ya gari nyuma ya pikipiki, anayetangaza chanjo, misiba na mbuzi waliopotea. Ukungu ulikuwa umemkwamisha kwangu.

Nikamshika Faidha mkono.

"Leta chinganga cha babu yako."

"Bibi, ulinikataza."

"Sasa nakuagiza."

Oscar aliisukuma pikipiki mpaka ukingoni, pale pale alipokuwa akisimama Fikirini. Faidha akachomeka waya. "Betri ya kompyuta imebaki kidogo," akasema, si kwa mtu.

Kikalia.

Barazani kilikuwa kimenitisha kikiwa kidogo. Sasa kilitoka kwenye tarumbeta mbili kikajaza bonde lote. Ti-ti-ndi, ti-ti-ndi, ndi. Nyuma yangu wazee walisimama. Bibi mmoja akajifunika kanga usoni akasema, "Mzee Fikirini huyo. Mungu wangu, Mzee Fikirini huyo." Mtoto akaanza kulia. Wapo waliokimbia, siwataji.

Halafu kimya. Faidha amenyoosha kiganja kuwanyamazisha watu.

Hakuna kitu. Matone tu kwenye majani.

Akapiga tena. Kimya. Hakuna kitu.

"Piga mfululizo!" nikamwambia. "Usinyamaze, atapoteaje njia ukipiga mfululizo!"

"Bibi, wewe ndiye uliyenifundisha. Unapiga, unasubiri. Nisiponyamaza nitamsikiaje?"

Nilitaka kumzaba kofi, kwa vile alikuwa anasema kweli na mimi sikuwa na nafasi ya kweli moyoni. Akapiga mara nyingine, akanyamaza. Na katika kimya kile tukasikia mawe. Mawe madogo yanaporomoka, huko chini upande wa kulia. Kisha matawi yanavunjika. Kisha mawe tena, mbali zaidi.

"Yuko hai!" Salome akapiga kelele. "Anakuja!"

"Haji," Faidha akasema. "Anakwenda."

Nikaelewa. Nilielewa kwa miguu yangu kabla ya kichwa, kwa maana miguu yangu ilishakimbia hivyo hivyo. Shamsia aliishika ngoma ile nikiichana. Anajua haina ngozi. Anajua aliyekuwa akiipiga nimemlaza nyuma ya nyumba. Yuko peke yake kwenye ukungu, jina lake limeitwa kutoka kila upande na watu asiowaona, na sisi tumelelewa tukiambiwa kwamba ukiitwa porini usipomwona anayekuita, usiitike. Na sasa marehemu anampigia ngoma kwa mkono ule ule wa kushoto.

"Zima!" nikasema. "Zima, anamkimbia babu yake! Anakimbilia korongoni!"

Oscar akachukua kipaza sauti. "Nimwite kwa jina, nimwambie ni sisi?"

"Usithubutu. Ameshaitwa vya kutosha."

Watu wote wakanyamaza. Tungeweza kumsikia akianguka, ndicho tulichokuwa tukisikilizia, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusikia. Faidha alikuwa amepiga magoti kwenye majani yaliyolowa, mwanga wa kompyuta usoni.

"Bibi," akasema taratibu, "mzimu unaweza kuchekesha?"

"Unasema nini wewe?"

"Nauliza. Mzimu unaweza kuwa na mbuzi mwenye kwikwi?"

Akaanza kuandika. Akagusa kitufe, hakuna kilicholia. Kompyuta ikaandika maneno yake mekundu. Faidha akauma mdomo.

"Imekataa. Nataka niwalaze pamoja, mbuzi juu ya ngoma, lakini safu hazilingani. Ngoma ni ndefu, mbuzi ni mfupi. Haijumlishi safu zisizolingana."

"Basi mrefushe mbuzi!"

"Namwongezea sifuri mkiani. Kimya tu, mpaka alingane."

Sikujua anasema nini na sikujali. Nilikuwa nimeshika bega lake kwa nguvu, baadaye alinionyesha alama za kucha. Akagusa.

Ti-ti-ndi, mee-hik. Ti-ti-ndi, mee-hik. Ndi.

Mtu mmoja nyuma yangu alipasuka kicheko, kile kicheko cha woga kisichozuilika, nami nikageuka nimuue kwa macho. Kisha kimya. Sifuri zile. Sijawahi kusikiliza kitu kama nilivyosikiliza sifuri zile.

Sauti ikapanda, nyembamba, imejaa machozi, kutoka kulia, chini kabisa:

"Wifiii! Huyo mbuzi bado tu hujamchinja?"

Salome alianguka chini akilia. Mimi sikulia, maana sauti iliendelea: "Siwezi kusogea! Nimeshika mzizi! Mguu mmoja hauna kitu chini!"

Oscar na wanaume wakashuka tena na kamba, safari hii kwa utaratibu wa zamani. Ngoma na mbuzi vinalia, kimya, Shamsia anajibu, wanashuka kidogo wakielekea jibu. Vinalia, kimya, anajibu. Kila kimya nilikufa kidogo mpaka alipojibu. Mara nyingine alichelewa. Mara nyingine ilikuja kwikwi tu ya kilio. Na wanaume bado wako njiani, sauti zao zikisema "bado, bado," kompyuta ya Faidha ikazimika. Hivi hivi. Uso wake ukawa giza.

Bondeni kimya kikarefuka kupita mpaka wake.

"Wifi?" Shamsia akaita. "Wifi, mbona kimya? Wifi, nani yuko huko juu?" Na tukasikia jiwe moja linaporomoka.

Sasa mjue kwamba Faidha hajawahi kuimba mbele ya watu tangu azaliwe. Hata kwenye harusi husimama nyuma amefunga midomo. Alinyakua kipaza sauti cha Oscar, akafunga macho, akalia mbuzi kwa kinywa chake mwenyewe. Mee-hik! Mee-hik! Na kiganja chake kinapiga tangi la pikipiki, ti-ti-ndi, ti-ti-ndi. Sauti ilimpasuka, machozi yanamtiririka, na hakuacha. Wala hakusahau kunyamaza. Alilia, akanyamaza, akasikiliza.

"Hata wewe una kwikwi sasa," ikajibu sauti ya chini.

Walimkuta amekumbatia mzizi wa mti, tumbo limegandamana na ukuta wa udongo mweupe, mguu wa kulia umeteguka na kuning'inia juu ya korongo. Walimfunga kamba kifuani, wakampandisha kwenye machela ya miti miwili na mashuka. Nilipompokea kanga yake ilikuwa na matundu kwenye pindo. Alikuwa ameiuma kwa meno ili asiitike.

"Nilijua babu amenifuata," aliniambia alipokuwa amelazwa kwangu karibu na moto, akisubiri gari la kumpeleka hospitali. "Nikasema anamtaka mtoto, kwa sababu nilikishika chinganga chake kikichanwa. Nikasema nikimbilie popote. Nilikuwa nimeshainua mguu, Bibi. Halafu nikamsikia yule mbuzi. Nikasema, hapana, Babu Fikirini hakufuga takataka kama hii."

"Takataka hiyo imekurudisha," Faidha akasema, sauti imekauka kabisa.

"Ndiyo, wifi. Lakini zumari si zumari."

Mtoto alizaliwa salama mwezi uliofuata, wa kike, na mguu wa Shamsia umepona isipokuwa kukiwa na baridi. Faidha amerudi Masasi dukani kwake. Watu wa Mnyambe wanaomba awapigie ngoma ile, kisha akiitoa kompyuta mkobani wanasogea nyuma.

Kabla hajaondoka alikaa nami barazani, akaifungua, akanionyesha mstari ule mfupi wenye kiduara na pembetatu iliyolala.

"Bibi, kwenu mpiga ngoma akifa ngozi huchanwa. Hiki bado kina ngozi. Nikiziweka namba zake zote sifuri, nitakuwa nimekichana. Ni alama mbili tu. Nifanye?"

Nilisikia mkono ule wa kushoto bila kuguswa kitufe. Nilitaka aseme yeye, asinitwishe mimi, lakini ngozi ya kwanza niliichana mimi, na ya pili ilikuwa yangu vile vile.

"Kiache," nikasema. "Ila kisilie peke yake. Kila kinapolia, mbuzi awemo. Uniahidi."

Akaahidi, na kwa hili namwamini.

Lakini asubuhi za ukungu, yeye akiwa Masasi na nyumba ikiwa tupu, huwa naacha kupepeta na kusikiliza upande wa mlimani. Najua ni namba, nimeelezwa vizuri. Siku nikikisikia chinganga, nitasubiri kwanza nimsikie mbuzi. Nisipomsikia, sitaitika.